Mzamaji kwa Mzamaji

Gauni la bandani lilikuwa na msumari wake juu ya ngazi, na halikuruhusiwa kushuka chini hata kwa bahati mbaya. Kila alipomaliza kuwalisha njiwa, Fundi Sare alilivua, akanawa mikono mpaka viwikoni, akafunga kitambaa kingine kichwani, akavaa gauni la heshima, ndipo akavuka barabara kwenda kumwona kaka yake. Mlangoni alipokelewa na wifi yake, ambaye hakusema karibu wala pole na kazi mpaka awe amemnusa kwanza. Alimnusa mabega, akamnusa kitambaa, akamgeuza na kumtazama mgongoni. Siku moja alimkuta na kanyoya kadogo nyuma ya sikio, akamrudisha kwake kama mtoto aliyekuja shule bila soksi. Fundi Sare alirudi bila ubishi. Wifi mtu ana mdomo, hilo halikupingwa na yeyote mtaani, lakini katika hili haki ilikuwa yake, maana vumbi la njiwa ndilo lililokuwa likimuua mumewe.

Walichelewa kulijua. Kaka mtu alikuwa fundi wa kupiga rangi magari, na alipoanza kukohoa na kuishiwa pumzi kwenye ngazi, daktari wa kwanza aliuliza anafanya kazi gani, akasikia rangi, akaona kesi imekwisha. Acha rangi, baba. Akaacha. Sasa mtu aliyefanya kazi tangu ujana ukimwambia akae nyumbani, atakaa wapi? Alikaa bandani. Asubuhi bandani, mchana bandani, anakwangua kinyesi, anapangusa viota, anapumua. Alizidi kuugua, na wao wakazidi kuilaani rangi. Mpaka wakafika kwa daktari wa mapafu, mama mmoja mpole asiye na haraka, aliyeuliza nyumbani mnafuga nini. Alipojibiwa, aliweka kalamu chini.

Aliwaeleza kwamba manyoya na kinyesi kikavu hutoa unga mwembamba usioonekana, na kwamba kuna miili inayouona unga huo kama adui, ikaupiga vita miaka na miaka mpaka mapafu yenyewe yakageuka kovu. Kovu halirudi kuwa pafu. Kilichobaki kingeweza kutunzwa kidogo kama mgonjwa angekaa mbali na njiwa tangu siku ile, na dirisha lake lifungwe. Fundi Sare aliyemsindikiza alikuwa na swali lililomkereketa. Wao wawili wamelelewa banda moja, wamevuta vumbi lile lile tangu wanatambaa, mbona yeye mzima? Daktari akasema urithi ndivyo ulivyo. Baba mmoja, mama mmoja, lakini kila mtoto huchota chake; huyu huchota mwili wa kusamehe, yule huchota mwili wa kushika kinyongo. Hakuwa amemwambia jambo geni. Mfuga njiwa yeyote anajua kwamba mayai mawili ya kiota kimoja hayatoi njiwa mmoja mara mbili.

Basi banda likahamia juu ya paa la saruji la Fundi Sare, upande wa pili wa barabara, na kitanda cha kaka yake kikasogezwa dirishani. Alikuwa anawaona njiwa wake kupitia kioo, kama mtu anayetazama harusi ya nduguze bila kualikwa. Simu yake ilikaa juu ya mto wa kulalia, karibu na sikio. Fundi Sare alipopanda juu alimpigia, akaiweka simu yake mfukoni mwa gauni la bandani ikiwa wazi, na kaka mtu akaanza kutoa amri. Yule mweupe anachechemea, mwangalie mguu. Usiwape mtama mwingi kabla hawajaruka, njiwa aliyeshiba ni mvivu kama mtu mwingine yeyote. Kuwaita washuke ilikuwa kazi ya Fundi Sare, kwa kutikisa mkebe wa nafaka na kuwatoa nje njiwa weupe wasioruka, ili walio juu wawaone wenzao wanakula wapate wivu, washuke.

Hawa hawakuwa njiwa wa kuchinjwa wala wa kupambia uwanja. Walikuwa njiwa wa sarakasi, kizazi alichokianzisha baba yao. Kundi likiwa angani, mmoja huacha mwendo, huanguka kisogo nyuma, akapiga pindu, na nyingine, na nyingine, upesi mpaka huoni bawa wala kichwa, unaona kitonge cha manyoya kinadondoka. Kisha anakunjuka, anapiga mabawa, anapanda kuwafuata wenzake kana kwamba hakuna lililotokea. Anayezama kidogo akaacha huitwa mtulivu. Anayezama parefu huitwa mzamaji. Hakuna anayewafundisha. Kifaranga huanza kwa kuruka sawasawa kama njiwa wote wa mjini, halafu siku moja mkia unamvuta nyuma, anasimama hewani kama mtu aliyesahau alichofuata dukani, na tangu siku hiyo mambo yake yameanza. Baba yao alikuwa akisema njiwa hapigi pindu kwa furaha wala kwa kujionyesha. Inamjia tu, kama chafya inavyomjia mtu.

Na urithi wenyewe una hila. Unaweza kuwaoza watulivu wawili, dume kwa jike, wote watu wa adabu, ukapata mtoto mzamaji, kwa kuwa kila mzazi alikuwa ameuficha uzamaji damuni bila kuuonyesha. Lakini ukioza wazamaji wawili, hakuna tena cha kumshika mtoto. Anauchota kwa baba, anauchota kwa mama, na siku ukimjia huko juu anaweza kuzama asijue kuacha. Ndiyo maana wazamaji wa banda lile walikaa chumba cha ndani, hawarushwi, wanaozwa kwa watulivu peke yake. Baba mtu alikuwa na maneno yake juu ya hilo, na aliyarudia mpaka watoto wakayaimba wakifagia: mzamaji kwa mzamaji, hutotoi njiwa, watotoa jiwe.

Kaka na dada wote wawili waliwahi kumwona mzamaji wa kweli mara moja tu. Alikuwa jike jekundu waliyemwita Bibi. Walikuwa wadogo, wanaanika nguo na mama yao, Bibi akaanza kuzama kutoka mahali ambapo ulilazimika kukinga jua kwa mkono ili umwone. Alishuka, akashuka, mama akadondosha shuka, na alipokunjuka alikuwa sawa na kamba ya nguo. Upepo wa mabawa yake uliwagusa nyuso. Jioni ile ile baba akamfungia Bibi chumba cha ndani na hakumrusha tena. Mambo mengi ya utoto wao walibishania, nani alivunja chungu, nani alipendwa zaidi, lakini Bibi hawakumbishania. Kila mmoja alimkumbuka vile vile.

Ndiyo habari aliyoianza kaka mtu siku moja, wifi akiwa jikoni. Alisema lile dume la kijivu na lile jike lenye mabawa meupe, wazamaji wawili wa mwisho, wote ni damu ya Bibi.

"Waoze," alisema.

Fundi Sare alimkumbusha maneno ya baba.

"Nayajua, nilikuwepo. Nimefuga njiwa wa akili maisha yangu yote, mdogo wangu. Nataka nimwone Bibi mara moja tena, basi."

Alisema hayo kwa vipande, kwa sababu pumzi haikutosha sentensi nzima, na mashine ya oksijeni ilikuwa inaguguma chini ya kitanda. Fundi Sare aliinuka. Alirudi kwake akakaa kwenye cherehani akashona mikono ya mashati ya shule, mmoja akaushona nyuma mbele. Hakukasirikia ombi. Alikasirika kwa kuwa angelikubali, na alijua hivyo tangu pale kitandani. Ukimtotoa ndege ambaye unajua mwisho wake, wewe ni mtu wa namna gani? Na ukimnyima ndugu yako anayekufa kitu pekee alichoomba, je? Aliwaza huku na huku kama mtu anayetafuta ncha ya uzi. Kesho yake akafungua kizuizi cha chumba cha ndani, akaliingiza dume kwa jike, akafunga, akashuka haraka bila kuangalia nyuma.

Mayai yalikuwa mawili, kama kawaida ya njiwa. Vikatoka vifaranga viwili vibaya vya sura, na kifaranga cha njiwa ni kibaya kweli, usidanganywe na mtu: mdomo mkubwa, macho yamefumba, vinywele vya manjano kama mzee aliyetoka kuoga. Mmoja dume, mmoja jike jekundu. Kaka mtu alimwita yule jike Kitukuu, maana alihesabu vizazi kutoka kwa Bibi akaona jina linamfaa. Dume hakupewa jina. Walingoja wamwone tabia kwanza.

Fundi Sare aliapa hatamzoea Kitukuu. Kiapo hicho hakikumaliza hata mwezi. Mchana alikuwa anashonea juu, chini ya kivuli cha bati kando ya banda, na Kitukuu alipoota manyoya alikuja kutua juu ya gurudumu la cherehani, akizungushwa nalo kidogo mpaka ateleze. Aliiba vifungo. Alivichukua vile vyeupe vya mashati, kimoja kimoja, akavipeleka kiotani, na wazazi wa wanafunzi wakaanza kulalamika kwamba Fundi Sare siku hizi ni bahili wa vifungo. Kaka mtu alipoelezwa alicheka mpaka wifi akaja kumpandishia oksijeni. Kuanzia hapo kila simu ilianza na swali moja, leo kaiba vingapi.

Wakaanza kuruka na kundi. Yule dume asiye na jina alianza kuzama mapema, kabla ya umri wake, na siku moja mchana alizama akapiga tangi la maji la jirani. Sauti yake haikuwa kubwa. Fundi Sare alimwokota, akamzika kwenye ndoo ya udongo aliyopandia pilipili. Kaka yake alikuwa amelala saa ile, na alipoamka na kuuliza, aliambiwa mwewe amemchukua. Akasema mwewe hana adabu. Hakuuliza zaidi.

Tangu siku hiyo Fundi Sare akawa mtu wa kufa kila jioni na kufufuka kila Kitukuu alipotua. Alitamani asimrushe, lakini hakuwa amemtotoa ili aibe vifungo. Kitukuu alianza na pindu moja, akaongeza, akazama kimo cha nyumba, akapanda. Kila alipopanda, Fundi Sare alisikia simu mfukoni ikitoa pumzi. Kaka yake alikuwa anaungoja mzamo ule wa Bibi, na hakuwa na muda wa kungoja sana. Sasa hakuweza kukaa bila mito mitatu mgongoni, na kula kwake kulikuwa kulamba.

Ikaja siku moja mvua imekatika, anga safi. Kundi lilipanda sana. Walikuwa wameshageuka juu ya mnara wa simu, Fundi Sare ameinua mkono kukinga jua, alipomwona Kitukuu ametoka nyuma ya wenzake na kuanguka kisogo. Alizama. Wakati wa kuacha ukapita, akaendelea. Akapita kimo cha mnara, akapita antena, manyoya yake mekundu yakawa mstari mmoja ulionyooka kabisa, hayumbi huku wala huku, na Fundi Sare akajikuta amepiga magoti juu ya saruji, anasema tosha, tosha, tosha. Sawa na ukingo wa paa Kitukuu akakunjuka. Upepo ukamgusa usoni mtu mzima aliyepiga magoti, kama ulivyomgusa zamani. Kisha ndege akapanda, akazunguka mara moja, akashuka kwenye gurudumu la cherehani na kujipanga manyoya.

Fundi Sare aliitoa simu mfukoni akidhani imekatika.

"Umemwona?" aliuliza.

"Nimemwona." Kaka yake alikuwa analia, na kulia kunataka pumzi, kwa hiyo alingoja. "Sasa mfungie. Asiruke tena. Mtafutie mtulivu, dume lenye akili."

Fundi Sare hakuwa ametegemea hilo. Alikuwa amejiandaa kumkatalia akiomba mzamo mwingine, ana maneno yake tayari, na kaka mwenyewe akayafanya yasihitajike. Alimfungia Kitukuu chumba cha ndani kwa furaha, akamwekea na vifungo viwili vya kuchezea. Wiki zile zilikuwa nzuri. Kaka mtu alikula uji mpaka akauliza kama umebaki. Alizungumza na dada yake juu ya dume gani litafaa kuwa mume, na walilichambua kila moja kama wazee wa ukoo wanavyochambua posa: huyu mtulivu lakini babake alikuwa mlafi, yule mzuri lakini hana mgongo. Wifi mwenyewe alichangia, yeye ambaye njiwa alikuwa hataki hata kumsikia akitajwa.

Lakini la kuvunda halina ubani. Homa ilimshika kaka mtu, ikamwacha, na ilipomwacha ilikuwa imechukua na kilichobaki. Alianza kulala uso ukutani. Simu ya asubuhi ikawa inapokelewa na wifi, naye akasema amelala, halafu siku ya pili akasema hajalala ila hataki, siku ya tatu akapumua tu. Fundi Sare alivuka, akanuswa, akaketi, akazungumza na mgongo wa kaka yake. Alimsimulia mambo ya bandani. Alirudi akarusha kundi zima, akatikisa mkebe mpaka majirani wakachungulia, akatazama upande wa pili wa barabara. Kupitia kioo aliona nywele za kisogo, basi.

Hapo ndipo alipofanya alilofanya, na hakuna aliyemtuma. Asubuhi ile alisimama mbele ya chumba cha ndani akijisemea kwamba mtu akigeuka mara moja tu, akaona, atataka kuona na kesho. Atauliza. Atatoa amri. Alikuwa anajua kila kitu kilichopaswa kumzuia. Alijua kanuni ya baba na agizo la kaka. Alijua vilevile, kama wafugaji wote wanavyojua, kwamba njiwa aliyefungiwa muda mrefu siku ya kutoka huzama kuliko zamani, kwa sababu mbawa zimelegea na lile jambo la damuni limejilimbikiza. Vyote alivijua. Alikuwa anataka ndugu yake ageuze shingo, na tamaa hiyo ilikuwa kubwa kuliko akili yake yote.

Alimpigia wifi. Akamwomba amwekee mgonjwa simu sikioni.

"Kaka, tazama dirishani. Namrusha Kitukuu."

Alingoja. Wifi akarudi kwenye simu akasema amesikia, macho yamefumbuka, lakini hajageuka. Atageuka, alisema Fundi Sare, na akafungua mikono.

Kitukuu alipanda peke yake, kwa shida kidogo mwanzoni. Alizunguka juu ya mnara mara mbili tatu, mzuri, mwekundu. Kisha akaanguka kisogo. Ulikuwa mzamo mzuri kuliko ule wa kwanza, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi Sare maisha yake yote, kwamba ulikuwa mzuri. Ulinyooka kama uzi wa timazi. Alipita mnara, akapita antena, akapita tangi la maji. Kwenye ukingo wa paa Fundi Sare alinyoosha mkono kana kwamba angeweza kumdaka. Kitukuu alipita mbele ya vidole vyake na hakuacha.

Fundi Sare alishuka ngazi na gauni la bandani mwilini. Hakulitazama hata lile la heshima. Alimkuta Kitukuu kwenye saruji ya uani, kando ya beseni la mtu, bado ana joto, shingo imelegea kama soksi tupu. Alimchukua akamweka kifuani. Alikuwa bado amechuchumaa pale simu ilipoita mfukoni, na wifi yake hakusema mengi. Alisema njoo, njoo sasa hivi.

Alimlaza ndege ndani ya beseni, akamfunika kwa kitambaa chake cha kichwa, akakimbia. Mlango wa ng'ambo ulikuwa wazi na wifi amesimama hapo. Fundi Sare alipomfikia ndipo alipokumbuka gauni, akasita, akajitazama: vumbi jeupe mabegani, kinyesi kwenye pindo. Akafungua mdomo kuomba radhi. Wifi yake alimshika mkono akamvuta ndani. Hakumnusa. Fundi Sare alielewa hapo hapo kwamba muda uliobaki ni mdogo, akaifuata korido.

Kaka yake alikuwa amelazwa chali, uso ukitazama dari. Mashine ilikuwa inaguguma kwa bidii ya bure. Alipoketi ukingoni mwa kitanda, mgonjwa alivuta hewa kidogo kwa pua, akasimama, akavuta tena. Uso wake ukabadilika. Ulikuwa uso wa mtu anayefika nyumbani akakuta wamepika.

"Umekuja na njiwa," alisema.

Fundi Sare aliomba radhi, akainuka aende kubadili. Kaka yake alitikisa kichwa. Mkono wake ukatambaa juu ya shuka mpaka ukalipata pindo la gauni, ukalivuta karibu na uso, na akavuta lile vumbi lililomuua, taratibu, macho yamefumba. Wifi mtu aliangalia pembeni. Hakumkataza.

"Kitukuu yupo?" aliuliza alipopata pumzi.

"Yupo, kaka. Amefungiwa."

Lakini mtu wa njiwa hadanganywi kwa njiwa. Kidole chake kilikuwa kimekwama kwenye kitu juu ya kifua cha gauni, akakibandua, akakileta mbele ya macho. Kilikuwa kinyoya chekundu, kidogo, kimegandana na damu ambayo haijakauka. Alikitazama.

Fundi Sare alisikia mdomo wake mwenyewe ukianza. "Mwewe, kaka, asubuhi hii..."

"Huyo mwewe wako," alisema kaka yake, "ana njaa sana mwaka huu."

Basi kumbe alijua tangu yule wa kwanza. Fundi Sare aliinamisha kichwa mpaka kikagusa shuka. Alilia kwa sauti, mtu mzima mwenye wajukuu, akisema nilitaka ugeuke, kaka, nilitaka ugeuke tu. Ule mkono ukaacha gauni, ukamgusa kichwani pasipokuwa na kitambaa, ukarudi kwenye gauni. Alingoja lawama. Alizitaka, zingemsaidia.

"Alizama mpaka wapi?" aliuliza kaka yake.

Alilifahamu swali. Ndilo walilokuwa wakiulizana tangu utoto, mmoja akiwa paani na mwingine chini, na mtu hulijibu sawasawa au asilijibu kabisa. Akafuta pua kwa mkono. Akasema alianzia juu ya mnara wa simu, peke yake, hakukuwa na upepo. Kwamba alinyooka. Kwamba hakuyumba hata kidogo, kushoto wala kulia, na pindu zilikuwa za haraka mpaka huoni mwanya. Kwamba alipita antena, akapita tangi.

"Kuliko Bibi?"

"Kuliko Bibi."

"Halafu?"

"Mpaka chini, kaka."

Kona ya jicho la kaka yake ililowa na hakuifuta. Kile kinyoya alikuwa bado amekishika kwa vidole viwili, kama fundi anavyoshika pini.

"Nisimulie tena," alisema. "Polepole."

Wifi mtu alikuja akaketi upande wa pili, akaushika mkono mwingine. Fundi Sare akaanza upya. Safari hii hakuacha kitu. Alianzia bandani, alivyomtoa, uzito wake mkononi, moyo wake mdogo unavyopiga; akamrusha, akampandisha kwa shida ile ya mwanzo, akamzungusha juu ya mnara. Akamwangusha kisogo. Alisimulia pindu moja moja kana kwamba zinahesabika, na kaka yake alikuwa anavuta pumzi kwenye gauni, moja, ikakawia, nyingine, ikakawia zaidi. Alimpitisha kwenye mnara. Alimpitisha kwenye antena. Kitukuu alikuwa anafika tangi la maji, bado yuko juu, mkono wa kaka yake ulipoliachia pindo la gauni.

Fundi Sare hakuyasimulia yaliyobaki.